Ladha ya Chokoleti katika Bia Nyeusi: Maneno ya Kuonjea na Kuhukumia

Mfasiri anayekabidhiwa maelezo ya bia nyeusi yenye jina la chokoleti hukwama kabla hajaifikia sentensi ya pili. Kinachomkwamisha si msamiati wa kiwandani, kwa maana huo hupatikana kwa kuuliza. Kinachomkwamisha ni neno “chokoleti” lenyewe. Katika masikio ya msemaji wa Kiswahili, chokoleti ni kitu kitamu: kipande kilichofungwa kwa karatasi ya kung’aa, chenye sukari na maziwa, kinachonunuliwa dukani ili mtoto anyamaze. Bia inayozungumziwa, kwa upande wake, mara nyingi ni chungu, nzito na kavu, na utamu wake ni wa kutafutwa kwa ncha ya ulimi. Msomaji aliyeahidiwa chokoleti, akamimina na kukuta uchungu wa kahawa, atadhani ama bia imeharibika ama mfasiri amemdanganya. Dhana ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na kweli.

Chupa mbili zinazojulikana sana zinatosha kuonyesha ukubwa wa tatizo. Ya kwanza ni Young’s Double Chocolate Stout ya Uingereza, iliyokuwa ikitengenezwa Wandsworth, London, hadi kiwanda hicho cha zamani kilipofungwa mwaka 2006 na kazi ikahamia Bedford. Bia hii ina kilevi cha asilimia 5.2, na katika viambato vyake imo chokoleti ya kweli pamoja na kiini cha chokoleti. Ya pili ni Brooklyn Black Chocolate Stout ya Marekani, iliyobuniwa na Garrett Oliver mwaka 1994, yenye kilevi cha takriban asilimia 10. Jina lake linataja chokoleti waziwazi, lakini ndani yake hamna chokoleti hata chembe. Ladha yote inayoikumbusha chokoleti inatokana na nafaka. Mfasiri akiziita zote mbili “bia ya chokoleti”, atakuwa ametumia maneno sahihi kisarufi na kumwacha msomaji gizani.

Nafaka yenyewe ina historia fupi inayofaa kujulikana. Bia hutengenezwa kwa kimea, yaani shayiri iliyoloweshwa, ikaachwa iote, kisha ikakaushwa. Neno “kimea” halikuja na viwanda. Wanalijua wote waliowahi kuona togwa ikiandaliwa kwa ulezi au mtama uliooteshwa, na hakuna sababu ya kulikimbia. Mwaka 1817 Mwingereza Daniel Wheeler alipata hataza ya pipa la chuma linalozungushwa juu ya moto, lililofanana na kikaangio cha kahawa, ambalo liliwezesha kimea kukaangwa hadi kiwe cheusi bila kushika moto. Tangu hapo watengenezaji wa bia nyeusi za London, zile zilizoitwa pota na baadaye stauti, waliweza kutumia kimea chepesi kwa sehemu kubwa ya nafaka na kuongeza kiasi kidogo tu cha kile kilichokaangwa ili kupata rangi na ladha. Aina mojawapo ya kimea cha kukaangwa, isiyo nyeusi kabisa, huitwa kimea cha chokoleti. Huitwa hivyo kwa rangi yake na kwa harufu yake, kakao haihusiki. Ufanano huo si wa kubahatisha. Joto kali linapokutana na sukari na asidi amino zilizomo katika mbegu, huzaliwa harufu za jamii moja, iwe mbegu hiyo ni ya shayiri, ya kahawa au ya kakao. Ganda la mkate lililogeuka kahawia ni ndugu wa mbali wa chokoleti.

Hapa ndipo kihusishi cha “-a” kinapomponza mwandishi asiye mwangalifu. Kihusishi hiki hubeba maana nyingi mno: chai ya tangawizi ina tangawizi ndani yake, chai ya asubuhi haina asubuhi ndani yake, na chai ya rangi ni chai isiyo na maziwa. “Bia ya chokoleti” inaweza kuwa bia iliyotiwa chokoleti, bia inayofanana na chokoleti, au bia inayokusudiwa kunywewa pamoja na chokoleti. Katika mazungumzo hakuna anayeumia. Katika lebo, orodha ya viambato au fomu ya mashindano, tofauti hizo ni lazima zionekane. “Bia iliyotiwa chokoleti” hutaja kiambato. “Bia yenye ladha ya chokoleti” hutaja kinachohisiwa, na haiahidi kiambato chochote. “Bia ya kimea cha chokoleti” hutaja aina ya nafaka.

Jambo hili huwa zito zaidi linapoingia neno “maziwa”. Zipo stauti zinazotiwa laktosi, yaani sukari ya maziwa, kwa sababu hamira ya bia haiwezi kuichachusha sukari hiyo. Inabaki ilivyo na kuipa bia uzito na utamu laini. Watengenezaji wanaotafuta ladha ya chokoleti ya maziwa huipenda sana mbinu hii. Mfasiri anayeandika “stauti ya maziwa” tu, akidhani ni jina la mapambo, anaweza kumsababishia maumivu ya tumbo mtu asiyevumilia laktosi. Na anayeandika “stauti yenye maziwa” anasema uongo, kwa kuwa maziwa hayamo. “Stauti iliyotiwa sukari ya maziwa (laktosi)” ni ndefu, lakini lebo haipimwi kwa mizani ya shairi.

Kuhusu ladha yenyewe, Kiswahili kina neno linalosaidia kuliko “chokoleti”, nalo ni “kakao”. Tofauti kati ya maneno haya mawili inafahamika vizuri Kyela, mkoani Mbeya, ambako mkakao ni zao la biashara. Mkulima wa huko anaijua kakao kabla haijawa pipi: mbegu zilizofunikwa na utando mweupe wenye utamu na uchachu, huchachushwa kwa siku kadhaa, hukaushwa juani, na ukizitafuna baada ya hapo ni chungu na zina ukakasi. Sukari huja baadaye, mbali na shamba. Kwa hiyo, pale maelezo ya bia yanapokusudia uchungu mkavu wa kitu kilichokaangwa, “ladha ya kakao” ndiyo tafsiri aminifu, hata kama matini chanzi yametumia neno la chokoleti. “Ladha ya chokoleti” ibaki kwa bia ambayo utamu, ulaini na pengine harufu ya vanila vinashiriki. Vanila hutiwa na baadhi ya watengenezaji kwa hila isiyo na ubaya: kwa kuwa chokoleti nyingi za madukani zina vanila, mnywaji akiinusa hujikuta akiikumbuka chokoleti, hata kama iliyomo kwenye glasi ni kidogo.

Namna ya kuhukumu bia imewekewa utaratibu unaotumika katika mashindano ya nchi nyingi. Beer Judge Certification Program, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1985, hugawa alama 50 hivi: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya kinywani 5, na tathmini ya jumla 10. Mgawanyo huu unapaswa kumfunza mfasiri kipaumbele chake. Waandishi wengi wa Kiswahili hutumia aya nzima kueleza weusi wa bia na povu lake, kisha huimaliza ladha kwa neno “nzuri”. Jaji hufanya kinyume. Macho yana alama tatu. Pua ina alama kumi na mbili, na huanza kazi mapema, kwa sababu harufu nyepesi hupaa na kupotea muda mfupi baada ya bia kumiminwa.

Katika harufu, kosa moja la irabu hugeuza hukumu. Kitenzi “nuka” katika matumizi ya leo ni cha harufu mbaya, na “nukia” ni cha harufu nzuri. Bia inayonukia kahawa imesifiwa. Bia inayonuka kahawa imelaumiwa. Wanafunzi wa kigeni huvichanganya vitenzi hivi kila mara, na kamusi zinazoviweka vyote chini ya maana moja ya kutoa harufu haziwasaidii. Nomino “harufu” peke yake haina upande, nayo ndiyo ya kutumiwa pale jaji asipotaka kusifu wala kulaumu: “ina harufu ya kahawa, ya ganda la mkate na ya kakao kwa mbali”. Kauli hiyo “kwa mbali” ni ya thamani kubwa katika kazi hii. Inaeleza harufu dhaifu bila kuidhalilisha, na wasemaji wa Kiswahili huitumia kwa manukato, kwa viungo vya pilau na kwa moshi wa jirani.

Lipo pia suala la moto. Kimea kilichokaangwa hutoa harufu ambayo waandishi wa Kiingereza huielezea kwa maneno ya kuungua, na huwa wanaisifu. Katika Kiswahili, kilichoungua kimeharibika. Wali ulioungua hauna msifu, isipokuwa ukoko, na hata ukoko una jina lake ili usiitwe wali ulioungua. Kwa hiyo sifa hiyo inahitaji kitenzi “kaanga”, kama kahawa na karanga zinavyokaangwa: “harufu ya nafaka iliyokaangwa sana”. “Kuungua” kubaki kwa bia ambayo kimea chake kweli kimepita kiasi na kuacha ladha ya jivu au masizi. “Moshi” ni jambo jingine kabisa. Zipo bia za Bamberg, Ujerumani, ambazo kimea chake hukaushwa kwa moshi wa kuni, na jaji akisoma “moshi” katika maelezo ya stauti atazikumbuka hizo.

Mwonekano hauhitaji maneno mengi. Stauti iliyo mezani ni nyeusi, lakini ikiinuliwa mbele ya taa mara nyingi kingo zake huonyesha wekundu mzito. Rangi hiyo ina jina la Kiswahili lisilohitaji msaada kutoka popote: damu ya mzee. Povu lake si jeupe. Ni la hudhurungi hafifu, au la rangi ya kahawia iliyopauka. “Maji ya kunde” ni rangi nzuri, ila huelezea ngozi ya mtu, na kuitumia kwa povu kutamfanya msomaji atabasamu mahali pasipotakiwa.

Ladha ndiyo yenye alama ishirini, na ndiyo yenye mitego mingi zaidi. Mtego wa kwanza ni “tamu”. Neno hili hubeba maana mbili zilizoshikana: chenye ladha ya sukari, na chenye kupendeza. Nyama choma ni tamu, hadithi ni tamu, usingizi ni mtamu. Mteja wa baa anaposema bia ni tamu, hajasema lolote kuhusu sukari, amesema anaipenda. Katika hukumu, maana hizo lazima zitenganishwe, vinginevyo bia kavu na chungu iliyotengenezwa kwa ustadi itaandikiwa “tamu”, na bia iliyojaa sukari isiyochachuka itaandikiwa neno lilelile. Njia iliyo salama ni kutaja chanzo: “utamu wa sukari”, “utamu wa asali”, “utamu wa kimea”. Sifa ya kupendeza itafutiwe neno lake katika tathmini ya jumla, ambako jaji anaruhusiwa kusema alichokipenda.

Mtego wa pili ni “-chungu”. Kisarufi hakuna taabu, mradi upatanisho uzingatiwe: kinywaji kichungu, mmea mchungu, maji machungu, bia chungu. (Anayeandika “chungu cha bia” amerudi kwenye chombo cha udongo.) Taabu iko katika hisia inayoambatana na neno. Uchungu ni wa dawa, wa msiba, wa kuzaa. Mwalimu akiwauliza wanafunzi kama neno hili ni sifa au lawama, wengi watasema lawama. Hata hivyo, mwambao mzima wa Afrika Mashariki una kinywaji kinachoitwa kahawa chungu, na hakuna anayekiita hivyo kwa kukilaumu. Kahawa hiyo huchemshwa kwenye dele, hunywewa katika vikombe vidogo bila sukari, na pembeni huwapo kashata, tende au halua. Uchungu unapewa utamu wa kuandamana nao badala ya kufutwa. Atakayelinganisha stauti ya kakao na kahawa chungu inayonywewa na kashata atakuwa amemwelewesha msomaji wa Kiswahili jambo ambalo kurasa mbili za istilahi zisingeweza: kwamba uchungu huu umekusudiwa, kwamba unapimwa kwa kulinganishwa na utamu ulio karibu nao, na kwamba ukiondolewa kinywaji kinabaki dufu.

Wala wazo la kutia uchungu katika pombe si geni bara. Wachaga huipa mbege, pombe yao ya ndizi na ulezi, uchungu wa gome la msesewe. Maua ya hopsi hufanya kazi ya namna hiyo katika bia ya shayiri, na katika stauti huongezewa nguvu na uchungu wa kimea kilichokaangwa. Kwa hiyo jaji makini hasemi tu kwamba bia ni chungu. Hueleza ni uchungu wa namna gani: wa majani na maua, wa kahawa, wa kakao, wa ganda la mti, au wa dawa. Huo wa mwisho ndio wa lawama.

Mtego wa tatu, na pengine mbaya kuliko yote, ni “-kali”. Ndimu ni kali kwa uchachu, pilipili ni kali kwa kuwasha, siki ni kali, tumbaku ni kali, na vinywaji vikali ni vile vyenye kilevi kingi. Katika habari ya bia, maana hii ya mwisho huzimeza nyingine zote. Mfasiri anayetaka kusema kwamba ladha ya kakao ina nguvu, akaandika “bia kali yenye kakao”, amempa msomaji taarifa ya kilevi asiyoikusudia. Brooklyn iliyotajwa hapo juu ni kali kweli. Young’s si kali, ingawa chokoleti yake inahisiwa bila kutafutwa. Kwa nguvu ya ladha, Kiswahili kina kitenzi kilichokomaa jikoni: kukolea. Chumvi hukolea, viungo hukolea, rangi hukolea. “Kakao imekolea”, “kakao haijakolea”, “kakao imezidi”: hukumu tatu kamili, kila moja kwa maneno mawili, na hakuna inayogusa kilevi.

Kwa uchachu, neno ni “-chachu”, na nomino “uchachu”. Stauti yoyote ina uchachu kidogo unaotoka kwenye kimea cheusi, kama kahawa ilivyo na wake. Ukizidi ni dalili ya vijidudu visivyoalikwa. Kitenzi “chacha” kinahitaji tahadhari. Chakula kilichochacha kimeharibika, na katika lugha ya mitaani ya Tanzania mtu “aliyechacha” hana senti mfukoni. Mchakato uliokusudiwa ni “kuchachusha”: hamira huchachusha sukari, mkulima huchachusha kakao.

Hisia ya kinywani ina alama tano tu, lakini ndipo tafsiri sisisi hujitokeza bila aibu. Bia haina “mwili”. Ina uzito. Uji mzito na uji mwepesi vinatosha kumpa mwanafunzi kipimo. Neno “laini” linafaa kwa bia isiyokwaruza, na hasa kwa ile ya kopo lenye gesi ya naitrojeni, ambayo viputo vyake ni vidogo sana na povu lake limeshikana kama malai. Gesi nyingi husemwa kuwa inachoma au inachonyota ulimi. Kisha kuna ukakasi, neno ambalo lugha nyingi zingelitamani: ile hali ya ulimi na ufizi kukauka na kukazana baada ya kutafuna ndizi mbichi au korosho bibo. Kimea cheusi kikizidi, au mbegu za kakao zikiloweshwa muda mrefu mno, bia hupata ukakasi. Wengi huuita uchungu, na hivyo huzichanganya hukumu mbili, ilhali uchungu huhisiwa kama ladha na ukakasi huhisiwa kama mguso. Anayetaka kuvitofautisha na ameze mate mara mbili: uchungu hupungua, ukakasi husalia. Katika magazeti ya leo ukakasi umehamia kwenye siasa, ambako kauli “zenye ukakasi” ni nyingi kuliko ndizi mbichi, lakini maana ya asili bado i hai na inahitajika.

Ladha inayobaki baada ya kumeza nayo hutafsiriwa vibaya, kwa maneno kama “umaliziaji mrefu”. Kiswahili husema kwa kitenzi: ladha inakaa ulimini, inadumu, inapotea upesi. Katika Young’s inayobaki ni utamu mwepesi wa chokoleti unaoondoka bila purukushani. Katika Brooklyn ni uchungu wa kakao na joto la kilevi kifuani. Ipi ni bora? Swali hilo haliulizwi hivyo. Ya kwanza hupimwa kwa ahadi yake ya wepesi na ulaini, ya pili kwa ahadi yake ya uzito, na jaji anayeishusha ya pili kwa kuwa si tamu amesoma jina la chupa badala ya kuonja kilichomo.

Halijoto inahitaji neno moja la onyo. Bia hizi huonjwa zikiwa na ubaridi wa kiasi, nyuzi 10 hadi 13 za selsiasi, kwa kuwa baridi kali hufunga harufu na kuuacha uchungu ukisimama peke yake. Katika baa za Tanzania na Kenya mhudumu huuliza kama mteja anataka bia ya baridi au ya moto, na “ya moto” humaanisha ile ambayo haikuwekwa kwenye friji. Katika gumzo la baa hiyo ni lugha safi. Katika maelekezo ya kuonja, “inywewe ikiwa ya moto” inaweza kumfanya msomaji wa mbali awashe jiko. Kuandika nyuzi kwa tarakimu huondoa mashaka.

Kasoro za chokoleti ndani ya bia zina chanzo ambacho mfasiri akikijua hatabuni maneno. Karibu nusu ya uzito wa mbegu ya kakao ni mafuta. Mafuta huua povu, na yakikaa muda mrefu huharibika. Ndiyo maana watengenezaji wengi hutumia unga wa kakao uliokamuliwa mafuta, au vipande vya mbegu zilizokaangwa vinavyotiwa mwishoni. Bia yenye kasoro hii husemwa kuwa na harufu ya mafuta yaliyoharibika, kama ya karanga zilizosahauliwa kabatini. Bia iliyozeeka kwa kuingiliwa na hewa huwa na ladha ya karatasi au boksi lililolowa. Kasoro ya kiini cha chokoleti kilichozidi ni nyepesi kutambua na ngumu kusamehe: harufu inasimama juu ya bia kama manukato juu ya nguo chafu, na chini yake hamna kitu.

Baada ya hayo, sentensi moja ya mfano inaweza kupimwa. Mfasiri mwenye haraka ameandika: “Hii ni bia kali ya chokoleti, inanuka kahawa iliyoungua, ina mwili kamili na umaliziaji mrefu mchungu.” Kila neno lina asili yake katika matini chanzi, na msomaji anaona kinywaji chenye kilevi kingi, kilichotiwa pipi, kinachotoa harufu mbaya. Sentensi iliyosahihishwa ingesomeka: “Bia hii nyeusi inanukia kahawa iliyokaangwa sana, haikutiwa chokoleti, lakini ladha ya kakao imekolea, ni nzito kinywani, na uchungu wake hukaa ulimini muda mrefu bila kuacha ukakasi.” Ni ndefu zaidi, na mnunuzi akiisoma atajua anachonunua.

Wanafunzi na wafasiri wengi wa Kiswahili hawanywi pombe, kwa dini au kwa hiari, na hawana haja ya kuinywa ili kuyamiliki maneno haya. Mwalimu anaweza kuweka mezani vikombe vitano: kahawa chungu, unga wa kakao uliokorogwa kwa maji ya moto bila sukari, kakao hiyohiyo yenye maziwa na sukari, togwa, na chai ya rangi iliyoachwa na majani yake hadi ikaze ulimi. Kila mwanafunzi huandika kuhusu kila kikombe bila kutumia “nzuri”, “tamu” wala “kali”. Kikombe cha tano ndicho kinachowakwamisha, kwa kuwa wote huanza na “chungu”, wakaonja tena, wakasita, na mmoja nyuma ya darasa akakumbuka ndizi mbichi.